Mshokishoki wa Juu ya Kichuguu

Juzi binti yangu alinitumia mmea mwingine. Ulikuja na basi, umesimamishwa ndani ya katoni, umezungushiwa magazeti kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Makanga alinikabidhi pale steji ya Garsen huku akilalamika. Akasema, mama, ua lako hili limekalia siti tangu Mombasa, watu wazima wamesimama. Nikamwambia limelipiwa, na yeye ashukuru halijamtapikia. Steji nzima ikacheka. Nikalibeba kifuani hadi nyumbani, watu wakiniuliza njiani, mama, leo umenunua nini, nami nikawaambia mwendo wao ni kule na wangu ni huku.

Ni okidi. Jina hilo nimefundishwa kwenye simu. Ina majani mazito kama ulimi wa ng'ombe, na mizizi inayotokeza nje ya kopo kama minyoo iliyopotea njia, na haitaki udongo. Umesikia hilo? Mmea hautaki udongo. Umepandwa kwenye maganda ya miti. Binti akaniambia nisiumwagie maji kwa kikombe, niuwekee vipande vya barafu viyeyuke polepole. Nikamwuliza kama amesahau Garsen ni wapi. Barafu mimi ndiye ninayeiuza, kwa wachuuzi wa samaki na watu wa boda, na haijatoka mlangoni imeshaanza kulia.

Kabla ya okidi alinitumia mvanila, kamba ya kijani inayotaka mti wa kuparamia na hewa yenye unyevu. Upepo wa kiangazi wa huku uliukausha ukawa kama mkanda wa zamani. Kaka yake naye aliniletea mche wa kakao. Nasema aliniletea, kumbe alinitumia. Ule uliliwa na mbuzi wa jirani, na mbuzi hakufa, kwa hiyo najua kwamba majani ya kakao si sumu. Watoto wangu ni wazuri, usinielewe vibaya. Wanatuma.

Nyumba yangu ni ya mawe. Nyuma nina vyumba vya kupangisha, mbele nina mashine ya kusaga, na hakuna jiwe ndani yake lililowekwa na mwanamume aliyenioa. Nimesoma hadi darasa la tatu, na wenye vyeti wananiamkia. Lakini jua likizama, wapangaji wakifunga milango na kuwasha televisheni zao, mimi hubaki barazani na kikombe changu cha chai na huo mmea usiotaka udongo. Hapo ndipo hunirudia mmea mwingine uliotumwa, zamani, wakati mimi ndiye niliyekuwa nangojea.

Kijiji chetu kilikuwa kati ya Wema na Kilelengwani, pale mto ulipojipinda kama mtu anayegeuka kumwangalia aliyemwita. Wewe ambaye umeuona Tana kutoka darajani tu, umekaa dirishani ndani ya basi, hujauona. Ilibidi uamke nao. Maji rangi ya chai ya maziwa, ukungu umelala juu yake, na kwenye uzio wa miti tuliojenga kuzuia mamba wanawake wanateka maji wakizungumza kwa sauti kubwa ili mamba ajue wako wengi. Matope ya mto yana harufu yake. Ni harufu ya kitu kinachokaribia kuota. Na wakati wa mavuno, mchele mpya ukipikwa, ulinukia hadi kwenye mitumbwi, na mtu aliyekuwa akipita na safari zake angekumbuka ghafla kwamba ana jamaa katika kijiji hiki.

Nililelewa na nyanya, mama wa mama yangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, na miguu yake ilikuwa imepasuka kama shamba la Januari. Tulikula ndizi mbichi zilizochemshwa, na kambare aliyekaushwa kwa moshi ambaye alikaa juu ya meko hadi akawa mweusi kama kiatu. Tulisuka mikeka ya kuuza. Mpunga ulipoanza kutia maziwa, kazi yangu ilikuwa kuwinga ndege. Unapanda ulingoni kabla jua halijachomoza, una kombeo na madongo yako, na unapiga kelele hadi sauti inakuishia. Ndege wale hawakuwa na aibu. Unawafukuza upande huu wanatua upande ule, wanakutazama.

Mama yangu alikuwa Mombasa. Alikwenda kupika katika nyumba ya tajiri mmoja mwenye bustani kubwa, halafu akaolewa huko huko. Yule mume alimtaka yeye, mimi hakunitaka. Hilo nalijua leo. Wakati ule niliambiwa tu kwamba Mombasa ni mbali, nami nikaamini, kwa sababu kila mtu aliyekwenda huko alirudi akiwa mnene.

Mama hakuja. Alituma. Kulikuwa na lori lililokuja kuchukua mchele na maembe, likiishia barabarani Wema, na tanboi wa lori lile, kijana wa kupakia mizigo, ndiye aliyekuwa mkono wa mama yangu. Mara ya kwanza alileta mche wa mkarafuu ndani ya kopo la samli, ameushika kama anashika yai. Mama alikuwa ameuomba kwa mtunza bustani wa yule tajiri. Nyanya aliupokea kwa mikono miwili na hakusema asante. Alikuwa na mwiko wake. Mche wa zawadi haushukuriwi. Ukiushukuru umeuaga. Unaupokea, unanyamaza, unauliza jina lake.

Tuliupanda ukingoni mwa mto, mahali pazuri kuliko pote, ambapo maji yakipanda na kushuka huacha matope meusi laini kama uji. Pale ndipo tulipopanda kila kitu. Kwetu mmea uliweza kufa kwa kiu, uliweza kufa kwa kukanyagwa na kiboko, lakini hakuna aliyewahi kusikia mmea umekufa kwa kushiba maji. Mkarafuu ulikufa kwa kushiba maji. Ulidondosha majani yake moja moja, kwa adabu, hadi ukabaki kijiti.

Mwaka mwingine ulikuja mdoriani. Nyanya alisogea mbali kidogo na mto, lakini mafuriko yakaja yakasimama wiki kadhaa, na yalipoondoka shina lilikuwa jeusi na linanuka. Jirani yetu, mzee mmoja mvuvi mwenye mdomo mpana, alisimama mbele ya kile kijiti cha pili akavua kofia. Akamwuliza nyanya, huyu binti yako anatutumia miti au anatutumia matanga?

Nyanya alicheka siku ile. Lakini nilimwona jioni akizunguka uwanjani, anatazama chini, anapima kwa macho maji yalikofika.

Mche wa tatu ulikuwa mshokishoki, na huo ulikuja na maneno. Sikuyasikia mimi mwenyewe. Nyanya alikwenda Wema kwa mtumbwi wa jirani kuuchukua, nami nilikuwa ulingoni nikipigana na ndege. Alikuja hadi chini ya ulingo, kopo mkononi, akaniita. Akasema mama amemwambia tanboi hivi: mti huu ukizaa, atakuja ale matunda yake pamoja na mimi.

Sikushuka kwa ngazi. Niliruka.

Nyuma ya jiko letu kulikuwa na kichuguu cha zamani, mchwa walishahama, ambacho hata mafuriko makubwa hayakuwahi kukipanda. Watoto wadogo walikitumia kuteleza. Nyanya akawafukuza, akachimba shimo juu yake, akajaza majani ya migomba yaliyooza na samadi aliyoiomba kwa mama wa Kiorma aliyetuletea maziwa. Akajenga kibanda cha makuti juu ya mche ili jua lisiuchome, akazungusha miiba kwa ajili ya mbuzi. Upepo mkali ulipoanza, majani yakaungua kingo kama karatasi iliyokaribia moto, tukatundika gunia bichi upande wa upepo, na kazi ya kulilowesha ikawa yangu.

Kiangazi ndicho kilikuwa balaa. Mto ukipungua, bahari hupanda. Maji ya chumvi yanasukuma juu polepole, siku moja unachota kunywa unashtuka. Migomba inaweza kuvumilia kidogo. Mshokishoki ule hauvumilii hata tone. Tulichimba visima vidogo mchangani, mbali na mto, tukangoja maji yajikusanye, mtungi mmoja ulichukua asubuhi nzima. Yalikuwa machache. Nyanya alioga maji ya chumvi na mti ukanywa matamu.

Niliwaambia watoto wa kijiji kwamba utazaa matunda mekundu yenye nywele. Wakanicheka hadi wakakaa chini. Mmoja akasema tunda lenye nywele ni tumbili, na mama yako anakuja kula tumbili. Nilimpiga. Halafu nikaenda kuumwagilia mti.

Shule niliiacha wakati huo huo. Si kwamba nilikuwa mjinga. Mwalimu alinifuata hadi shambani akasimama chini ya ulingo na viatu vyake vyeupe vya raba, akaniambia nina kichwa kizuri, nirudi. Nikamwambia nina mti pia, na nina ndege. Nyanya aliposikia alicheka, halafu akaacha kucheka ghafla, akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atanichapa. Hakunichapa.

Mti ukakua. Miaka ikapita, nami nikakua, na kila mtu aliyepita uani kwetu alisimama kuutazama, kwa sababu upande wetu wote hakuna aliyekuwa nao. Ukawa na majani ya kijani kizito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Watu walikuja kumwuliza nyanya ameufanyaje. Naye akajibu kwamba ameuweka juu, basi.

Msimu mmoja ukachanua. Vishada vya maua madogo, meupe yaliyoelekea ukijani, na nyuki wakaja tangu asubuhi, jiko letu likanukia asali. Nilikimbia kumwita nyanya. Akavuta tawi chini, akalisogeza karibu na jicho lake moja lililokuwa bado linaona, akalitazama kwa muda, akaliachia. Akasema mwaka wa kwanza ni wa kujifunza.

Maua yakaanguka yote. Halikubaki hata moja la kusingizia tunda.

Sasa, kwetu mti wa matunda ukikataa kuzaa, unatishwa. Labda na kwenu wanafanya hivyo. Wanakwenda watu wawili alfajiri, kabla hawajasalimiana na mtu yeyote, mmoja ana shoka, mwingine hana kitu. Mwenye shoka anautukana mti na kusema anaukata. Asiye na kitu anauombea. Niliona wakiufanyia mwembe wa jirani, na mwembe ule ukazaa hadi matawi yakavunjika. Kwa hiyo nilimng'ang'ania nyanya. Nilimsumbua asubuhi na jioni. Mwisho akasema haya, mwite jirani.

Yule mzee mvuvi aliipenda kazi ile kupita kiasi. Alikuja na shoka begani, amejifunga msuli kama anakwenda vitani, akauzunguka mshokishoki.

"Wewe," akauambia. "Umekula samadi ya Waorma. Umekunywa maji ya mjane huyu. Umewekewa paa, mimi mwenyewe paa langu linavuja. Leo nakukata nikaangie samaki."

"Mwache, jirani," akasema nyanya. "Bado ni mdogo. Ameona haya."

"Haya gani? Mti wa Mombasa huu, hauna haya. Umezoea kukaa bure."

"Mwache. Mwakani atazaa."

"Unamdhamini?"

"Namdhamini," akasema nyanya, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuwa anautazama mti. Alikuwa ananitazama mimi.

Mzee akaupiga shina kwa mgongo wa shoka, nami nikapiga yowe, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba ni mchezo. Akanigeukia akacheka, akasema, tulia, mama, kesi imeahirishwa.

Mwaka uliofuata ukachanua zaidi ya mwanzo. Nyuki wakawa wengi hadi tukahamisha meko. Na maua yakaanguka tena, yakatanda juu ya kichuguu kama mchele uliomwagika, na siku ile ile, kwa bahati yetu mbaya, akaja bwana wa Kipini.

Huyu alikuwa mfanyabiashara, Mswahili hasa, aliyekuja kila msimu kununua mikeka. Alikuwa na kanzu safi hata katika matope, na alizungumza Kiswahili kitamu ambacho sisi tulikiiga akishaondoka. Nyanya alimwekea kiti uani, akampa kahawa. Akainua macho akauona mti. Akainama akaokota ua moja, akalipasua kwa ukucha.

"Mama," akasema, "mti hunu ni mume."

Nyanya akasema, "Kunywa kahawa yako."

"Mume kabisa. Kama mpapayu mume. Maua tele, tunda hata la dawa hupati. Kwetu tungalishaufanya kuni zamani."

"Kwani nimekuuliza?"

Bwana wa Kipini akalidondosha lile ua. Akatazama kikombe chake. Alikuwa mtu mwenye adabu, akaona amekanyaga kitu ila hajui ni nini. Alilipia mikeka bila kubishana bei, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka.

Mimi sikulia. Nataka ujue hivyo. Mtoto wa mto anajua mpapai dume ni nini, na anajua dawa yake pia. Kwetu mpapai dume unapigiliwa msumari mkubwa shinani, au unakatwa kichwa, na mara nyingine unageuka, unaanza kuzaa. Nilikwenda kwa jirani, nikang'oa msumari kwenye ubao wa mtumbwi wake mbovu, nikachukua jiwe, nikapanda kichuguu. Nyanya alinikuta nimeshauweka msumari mahali pake.

Akanishika mkono. Hakuushika kwa nguvu.

"Wacha."

"Unageuza, nyanya."

"Unageuza mpapai. Huu utaufanya kidonda tu."

"Umejaribu?"

Nyanya akakaa chini pale pale juu ya kichuguu, juu ya yale maua, akaninyang'anya jiwe akaliweka pembeni. Akaniambia kwamba yeye alijua tangu mwaka wa kwanza, siku ile alipovuta tawi. Amelima mapapai maisha yake yote, atashindwa kutambua ua la dume?

Nikamwuliza, sasa kwa nini maji. Kwa nini shoka, kwa nini kumdhamini. Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti, na kwetu humpandishii nyanya sauti, lakini aliniachia nimalize.

"Mti ukizaa," akasema, "na mama yako asije. Hapo utafanya nini, mjukuu wangu?"

Kuku walikuwa wanachakura chini yetu.

"Huu haujazaa," akasema. "Basi naye hajavunja neno."

Nimefanya biashara na watu wa kila aina tangu siku ile. Nimedanganywa na wenye tai na wenye vilemba. Lakini sijapata kusikia hesabu kama ile, mtu anabeba mtungi kila siku ya kiangazi kuunywesha mti anaoujua hautazaa, ili mtoto mmoja asifikie mwisho wa kungoja. Siku ile sikuielewa. Niliona tu kwamba nimefungiwa mlango na mtu ninayempenda, na kwamba nyuma ya mlango ule hakukuwa na mtu tangu mwanzo. Usiku tulikula kambare na ndizi. Kesho yake asubuhi nyanya akachukua mtungi wake. Nami nikachukua wangu. Habari ya kuzaa haikutajwa tena katika nyumba ile.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilikuja Garsen. Daraja halikuwepo. Magari yalivuka kwa feri, yakapanga foleni ukingoni tangu alfajiri, na madereva wa malori wana njaa. Nikaanza na sinia moja la vitumbua. Halafu masinia mawili, halafu kibanda, halafu kibanda chenye mlango. Wanaume walinicheka, wakasema msichana wa mtoni hawezi kuhesabu chenji. Wachache walijaribu kunihesabia wao. Hawakurudia. Nilichokuwa nacho hakikutoka shuleni. Kilitoka ulingoni, nilikojifunza kukaa macho tangu giza, na kutowaonea aibu wasio na aibu.

Kila nilipoweza niliteremka kijijini na sukari na majani ya chai. Nyanya alizidi kukauka. Alikuwa amehamishia mkeka wake chini ya mshokishoki, akisuka pale mchana kutwa, kwa sababu kivuli chake kilikuwa kizito na baridi kuliko cha mti wowote. Alikufa katika msimu wa maua.

Mama yangu akaja.

Alikuja na basi, amevaa vizuri, ana vipuli vya dhahabu na mkoba wa ngozi. Alilia vizuri pia. Wanawake walimpokea, wakamsifu, wakamtandikia mkeka mahali pa heshima, yaani chini ya mti. Mimi nilikuwa nikihangaika na masufuria ya matanga. Nilipompelekea chai alikuwa amelala chali kidogo, ameegemea mkono, anatazama juu. Maua yalikuwa yanamwangukia kwenye leso.

"Mti gani huu?" akaniuliza.

Nikautazama uso wake. Nilitafuta mzaha, au aibu, au hata ujanja, kwa sababu ujanja ningeujua. Hakukuwa na kitu. Alikuwa mtu anayeuliza jina la mti. Kama alikuwa amesahau, au kama hakuwahi kuyasema maneno yale na nyanya ndiye aliyeyatunga barabarani Wema, kopo mkononi, ili mimi nipate cha kungojea, sijui hadi leo. Tanboi wa lori alishakufa. Nyanya alikuwa amezikwa asubuhi. Na mama mwenyewe sikumwuliza.

"Ni wa kivuli," nikamjibu.

"Mzuri sana. Unitafutie mbegu niupande Mombasa."

"Hauna mbegu."

Akasema pole, kama vile mti ule umefiwa, akanywa chai yake. Alikaa siku za matanga zikaisha akarudi kwa mumewe. Baadaye alizeeka, akafa huko huko Mombasa. Nilikwenda kumzika, nikafanya yote yanayotakiwa kufanywa na binti. Nilipika, nilipokea watu, nililipia turubai. Majirani zake walinishika mkono wakaniambia hawakujua kwamba alikuwa na mtoto mkubwa hivi.

Sasa hata mahali penyewe hapapo. Mto Tana haumheshimu mtu. Ulijikatia njia nyingine huko juu, ukatuacha, na kona yetu ya mto ikabaki vidimbwi, halafu nyufa. Chumvi ikapanda hadi mashambani. Watu wakahama mmoja mmoja kusogea barabarani, wakabeba milango na mabati. Nilipanda boda nikaenda kutazama, nikamwelekeza mwendeshaji kushoto, kulia, mbele, hadi akaniuliza kwa upole, nyanya, una uhakika hapa palikuwa na watu? Mathenge, ule mti vamizi, umefunika kila kitu. Miiba yake hairuhusu hata mbuzi. Nilitafuta kichuguu kwa macho, sehemu iliyoinuka tu, nikaona sehemu nyingi zilizoinuka. Sikuona jani lolote linalong'aa. Feri nayo imekwenda, vijana wa Garsen hawaamini kwamba ilikuwepo. Kambare wanaletwa na pikipiki kutoka mbali, ndani ya barafu yangu. Mchele mpya unaponukia siku hizi unanukia jikoni kwa mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Na wote waliouona mti ule wamekwisha. Jirani na shoka lake, bwana wa Kipini na kanzu yake, wanawake waliotandika mkeka. Nimebaki mimi. Wajukuu zangu wananunua shokishoki sokoni Mombasa kwa mafungu, wanatupa maganda yenye nywele barabarani, na wakinipigia simu wananiuliza kama nimewahi kuyaona. Nikitaka, naweza kuwaambia kwamba mshokishoki wa nyanya yangu ulizaa hadi tawi likagusa kichuguu, na kwamba mama yangu akaja, tukakaa chini sote watatu tukala mpaka vidole vikanata. Hakuna aliye hai wa kunikanusha. Maneno hayo nimeshayapanga kichwani mara nyingi, barazani peke yangu, na yanapangika vizuri.

Lakini haukuzaa. Ulichanua kila mwaka, ukanukia, maua yakaanguka, na asubuhi nyanya akayafagia.